Faili la Kumi na Mbili la Kashiba

Naandika haya kwa Kiswahili kwa sababu moja tu: Vilasben hawezi kuyasoma. Kila ninapoandika kitu, iwe barua kwa mwanangu au orodha ya sokoni, jirani yangu huyu huja kusimama nyuma ya bega langu na kunisahihisha. Alikuwa mpangaji herufi kwa miaka ishirini na sita, na ugonjwa huo hauna dawa. Kiswahili cha Mwanza, nilikozaliwa kabla ya kuolewa hapa Bhavnagar, India, kimemshinda. Leo kasimama, katazama, kauliza, "Taru, ndiyo nini hii?" Nikamwambia ni mapishi. "Mapishi ya nini marefu hivi?" Ya mhogo, nikasema. Akaguna, akaenda zake.

Mimi ni mbea, nasema mapema ili usije ukasema hukuambiwa. Lakini habari hii nimeishi ndani yake, na nyingine Vilasben alinieleza mwenyewe, mwaka jana, tukiwa kwenye bembea ya sebuleni kwake, mvua ikimwagika na gathia, vitafunio vyetu vya unga wa dengu, zimelainika kwenye sahani kwa unyevu.

Ni mwanamke mwembamba wa miaka sitini na saba, sari yake nyeupe ya pamba imetiwa wanga hata siku ambazo hatoki. Hakuolewa. Anaishi vyumba viwili chini yetu, nyuma ya Khargate, alikokuwa akiishi na mama yake. Ukiongea naye, vidole vyake hucheza: juu ya paja, juu ya ukingo wa sahani, juu ya mnyororo wa bembea. Mwanzoni nilidhani ni wasiwasi. Ilinichukua miaka kugundua kwamba anapiga chapa ninayosema. Nikisema haraka, vidole vinakimbia. Nikinyamaza kutafuta neno, kidole gumba kinangoja hewani. Nilipomwuliza, alikataa katakata. Hakuwa anajua.

Kiwanda chake cha kupiga chapa kilikuwa kidogo, mashine mbili na watu watano, kikitoa kadi za harusi, matangazo ya misiba na kalenda. Mwanzo walipanga herufi za madini ya risasi kwa mkono, moja moja, kutoka kwenye kasha lenye vyumba vingi. Mwaka 1991 kompyuta ikaingia. Sasa, kompyuta za siku zile hazikujua kwamba Kigujarati kipo duniani. Zilijua a, b, c za Wazungu, basi. Watu wetu wakafanya ujanja: walichora herufi zetu na kuziketisha kwenye viti vya Wazungu. Ukibonyeza k, kwenye skrini inajitokeza herufi yetu, lakini tumboni mwa mashine kilichoandikwa ni k ileile. Mashine ilikumbuka namba ya kiti tu. Nani amekaa kwenye kiti hicho, hilo lilijulikana na fonti peke yake, na kila fonti ilikuwa na mpango wake wa viti. Siku hizi dunia imekubaliana: kila herufi ya kila taifa ina namba yake ya kudumu, na simu yoyote inaijua. Lakini yaliyoandikwa zamani yamebaki na namba za viti. Fonti ikipotea, umebaki na ukumbi mtupu.

Na tajiri wa Vilasben alikuwa mtu wa madaha. Fonti za kununua aliziona za watu wa kawaida. Alimleta mchoraji kutoka Vadodara aige herufi zake za risasi, na hakumpa mtu mwingine nakala mpaka anaingia kaburini, au kwa mila zetu niseme mpaka anachomwa moto.

Mama yake Vilasben aliitwa Kashiba: jina lenyewe ni Kashi, na ba ni mama, kama ben ilivyo dada na bhai ilivyo kaka. Hakukanyaga shule hata siku moja, lakini kwa kusema, mama yule alisema! Harusi ya mtaani bila yeye kuwaimbia wakwe nyimbo za kejeli ilikuwa harusi baridi. Mwaka 1998, Kashiba akiwa na miaka sabini na mitatu, miguu ilianza kuvimba na pumzi kupungua. Vilasben akaamua kuandika maisha ya mama yake. Kila jioni kazi ilipokwisha, Kashiba aliketi kwenye stuli kando ya kompyuta akasimulia, na binti yake akapiga chapa. Jioni kumi na moja, mafaili kumi na moja.

Jioni ya kumi na moja Kashiba akasema, "Hebu nisomee."

Vilasben akasoma. Kashiba akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Huyo ni nani?"

"Ni wewe, Ba."

"Si mimi huyo. Mimi nimesema mbuzi wangu Kabri alikula sari ya mama mkwe. Wewe umesoma nini? Ati mnyama wa nyumbani aliharibu vazi la heshima. Nani anaongea hivyo? Hakimu?"

"Ba, kitabuni hawaandiki kama wanavyopiga soga kisimani."

"Basi kitabu chako ni cha uongo."

Siku ile Vilasben alikuwa amepanga matangazo ya misiba kumi na sita, kichwa kinamgonga. Akasema, "Hata jina lako hujui kuandika, leo unanifundisha kazi?"

Ulimi hauna mfupa. Kashiba alinyanyuka, akajifunika pindo la sari kichwani, akaenda nyumbani peke yake. Usiku alikula khichdi yake, wali wa dengu, kama kawaida na hakulitaja. Kesho yake Vilasben alitumwa Sihor kupeleka kadi. Aliporudi, Sikandarbhai, mpangaji herufi mwenzake aliyekaa mashine ya pili, alimkabidhi ile diski yao ya mafaili.

"Kashiba alikuja," akamwambia. "Nimemwandikia faili moja, la kumi na mbili. Kasema usilifungue mpaka aondoke duniani."

"Alikuja na nani?"

"Na miguu yake."

"Kasema nini humo, Sikandarbhai?"

"Wee Vilasben, umesahau kazi? Mpangaji herufi hupitisha, hasomi. Muulize mwenyewe, yuko nyumbani anakungoja na chai."

Hakumuuliza. Aibu kidogo, kiburi kidogo, na siku zikapita. Siku ya kumi na tisa Kashiba alifariki akiwa amelala mchana. Siku za msiba zikaisha, Vilasben akarudi kazini, na kila asubuhi alisema atalifungua kesho. Aliogopa. Aliamini mama yake amemwachia laana, au mbaya zaidi, amemwachia msamaha wa baridi, ule unaosema nimekusamehe ilhali haukusamehe. Miezi minane akasema kesho. Kisha tajiri akafa kwa moyo, na wanawe walikifunga kiwanda ndani ya wiki moja. Kompyuta ziliuzwa kwa kilo kama chuma chakavu, zikapakiwa kwenye mkokoteni, na fonti ikaondoka nazo.

Vilasben alibaki na diski. Alipoifungua hatimaye kwenye duka la kompyuta, aliona mistari na mistari ya XJ4 na Ut[pF na nyota na mabano. Tangu hapo hakugusa tena kibodi. Akawa anasukuma papadi, vile vichapati vikavu vya unga wa dengu, na kikundi cha akina mama wa mtaani. Sikandarbhai naye akafariki mwaka 2009, na alichojua akaenda nacho. Mafaili yale yalihamishwa kutoka diski hadi sidii hadi kijiti cha kompyuta, kama mgonjwa anayehamishwa wodi bila kupewa dawa. Kwa miaka ishirini na minne mwanamke huyu hakujua kama mama yake alikufa akiwa amemkasirikia. Na mimi niliyekuwa juu ya kichwa chake, mbea mkubwa, sikujua lolote.

Nilijua mwaka jana, Jignasha alipokuja kukaa kwetu. Ni binti wa wifi yangu, ana miaka thelathini na minne, na kazi yake ni kuhamisha majarida ya zamani ya maktaba moja kutoka kwenye fonti zilizokufa kwenda kwenye herufi za sasa. Ananiita Mami, mke wa mjomba, na Vilasben akamfanya Masi, mama mdogo, siku ya kwanza tu. Alipoeleza kazi yake juu ya chai, niliona vidole vya Vilasben vimesimama. Havikuwa vikipiga chapa chochote. Kisha akashuka kwake, akarudi na kijiti kimefungwa kwenye leso.

"Beta, mwanangu," akasema, "hiki kinasomeka?"

Jignasha alikuwa na majedwali ya fonti arobaini na kitu, kila jedwali linasema kiti hiki alikaa nani. Alijaribu yote kwa siku mbili, sebuleni kwa Vilasben. Hakuna lililofaa. Jedwali moja lilitoa kitu kama maneno, tukaruka kwa furaha, kumbe ni "supu ya kiatu ya mjomba", na kwingine kote ni makelele.

"Masi, hii fonti haikuwahi kutoka nje ya kiwanda chenu," akasema. "Jedwali lake liko sehemu moja tu duniani. Kichwani mwako. Niambie, herufi ka ilikuwa kibonye gani?"

"Sijui."

"Miaka minane umeibonyeza!"

"Wewe ukitafuna, unajua jino lipi limefanya kazi?"

Hapo nikapiga kelele. Vidole! Nikamwambia Jignasha habari ya mapajani na kwenye sahani. Vilasben akakana tena, akaona haya kama bibi harusi. Tukamkalisha mbele ya laptopu, mikono ikawekwa juu ya kibodi, na Jignasha akaanza kumtajia herufi kwa mpangilio wa shule: ka, kha, ga, gha.

Mikono ikaganda. Haikutingishika. Vilasben aliitazama kama mikono ya mtu mwingine. "Imekufa," akasema. "Imekufa kama kiwanda." Akarudi kwenye bembea, akatugeuzia mgongo. Niliumia kumwona, na kwa kuwa mimi nikiumia hugomba, nilimgombeza Jignasha.

"Na wewe unamsomesha alfabeti kama mtoto wa chekechea! Hebu nione hayo mafaili yenyewe yakoje."

Akanionyesha la kwanza na la pili. Nikaona juu pana nafasi tupu, nikauliza kwa nini.

"Hapo palikuwa na mstari, Mami, nimeufuta. Takataka za mashine. Ulikuwa uleule kwenye mafaili yote kumi na moja. Programu za zamani zilipenda kujitambulisha mwanzoni."

"Nionyeshe hiyo takataka."

Akairudisha. Palikuwa na vifungu vitatu: kifupi, kirefu, kifupi. Nikavitazama. Baba yangu alikuwa na duka la vitambaa kule Mwanza, karibu na soko, na mkono wake haukuandika kitu bila kwanza kuandika juu ya karatasi jina la mungu Ganesh, yule anayefungua njia. Barua ya bandarini, jina juu. Orodha ya vitunguu, jina juu. Siku moja nilimwandikia ujumbe kwamba choo kimeziba nikaliacha, akanirudisha nikaandike upya. Kifupi, kirefu, kifupi. Shri Ganeshay Namah, namsujudia Ganesh.

"Wewe mtoto," nikasema, "umemfuta Mungu! Mara kumi na moja!"

Jignasha akashika masikio yake mawili kuomba radhi. Kisha akaanza kucheka, kisha akaacha kucheka, akavuta kompyuta karibu. Maana sasa alikuwa na mstari ambao anajua unasema nini. Herufi saba nane zenye viti vyake, bila kuuliza mtu.

Vilasben alikuwa amegeuka kwenye bembea. "Sasa mlitaka kazi ianzeje bila hiyo?" akauliza, kama vile sisi ndio wajinga. Na kusema kweli ndio tulikuwa. Tulimwambia aanzie ka, na yeye katika miaka ishirini na sita hakuwahi hata mara moja kuanzia ka.

Akaja akaketi. Akafunga macho. Nikautamka ule mstari polepole, na mikono ikaenda. Haikutafuta. Ilishuka, ikapanda, ikavuka, ikatua, muda wa kupiga chafya moja. Jignasha akalinganisha kilichotokea kwenye skrini na ile takataka ya faili la kwanza. Kiti kwa kiti, alama kwa alama, ni kitu kimoja.

"Tena," Jignasha akanong'ona. "Mami, sema kitu kingine. Chochote. Usinyamaze."

Kuniambia mimi nisinyamaze! Michana minne mfululizo nilisema. Nilisema bei ya nyanya, nilisema majina ya watoto wote wa mtaa, nilimsema mume wangu anavyokoroma na mama yake alivyonipokea, na mikono ya Vilasben ikayapiga yote huku yeye mwenyewe akiwa amefumba macho, mara nyingine akicheka. Jignasha akawa anaandika: kiti hiki ka, kiti hiki kha, hiki alama ndogo inayosimama mbele ya herufi machoni ingawa mdomo huitamka nyuma, kwa hiyo kwenye namba mpya lazima ihamishwe ikakae nyuma. Mchana wa nne jedwali likajaa. Akalipitisha juu ya faili la kwanza, na Kigujarati kikatokea, cheusi, kimenyooka, kinasomeka hata kwenye simu yangu yenye kioo kilichopasuka.

Tulidhani atafurahi. Alisoma kurasa tatu za faili la kwanza, akaruka hadi la saba, akaruka hadi la kumi na moja kwenye yule mnyama wa nyumbani na vazi la heshima. Kisha akavua miwani.

"Taru, huyu si Ba."

"Ni yeye. Mambo yake hayo."

"Mambo yake, ndiyo. Yeye hayumo. Nilimsafisha mpaka nikammaliza." Akafuta miwani kwa pindo la sari, akaifuta tena. "Aliniambia. Alikaa pale kwenye stuli akaniambia, na mimi nikamjibu lile neno."

Hapo ndipo aliponisimulia ugomvi wote. Nikaelewa kwa nini faili la kumi na mbili alilipita bila kuligusa.

Wiki nzima hakulifungua. Njia ilikuwa wazi sasa, hakuna wa kumlaumu, si tajiri wala fonti. Alishuka kwenye papadi, alipanda kunywa chai, aliongea habari za mvua. Nilivumilia siku sita, na kwangu siku sita ni nyingi. Ya saba nikaweka kikombe chini kwa nguvu.

"Vilasben, utaficha uso mpaka lini? Unaogopa mama yako alisema neno. Haya, amelisema! Lilishasemwa miaka ishirini na minne iliyopita. Usipolisoma halifutiki, wewe ndiye unazeeka."

"We mwanamke una mdomo mchafu."

"Ndiyo. Na chai yako inapoa."

Akainywa yote, taratibu, mpaka majani. Kisha akamwita Jignasha. "Leta. Lakini nitasoma mwenyewe. Nyinyi kaeni kimya, na wewe Taru hasa."

Faili la kumi na mbili halikuanza na Ganesh. Juu yake palikuwa na tarakimu tatu, 786, maana Sikandarbhai alikuwa Mwislamu na yeye naye hakuanza kazi bila bismillahi yake, ambayo Waislamu wa huku huiandika kwa namba hiyo. Chini yake maneno yalikuwa na matundu. Neno moja zima, la pili limevunjika, visanduku vitupu kila mahali kama kinywa cha mzee. Vilasben alipauka.

"Limeharibika," akasema. "Nimechelewa."

"Ngoja, Masi," Jignasha akasema, akatazama namba za ndani. "Herufi zimekatika nusu. Nusu ya sa, halafu kijiti cha wima peke yake. Nusu ya ma, halafu kijiti tena. Nani anaandika hivi?"

Vilasben akasogeza uso karibu na skrini. Na wallahi akacheka, kwa mara ya kwanza wiki ile. "Sikandar na vijiti vyake!"

Sikandarbhai alikulia kwenye herufi za risasi. Kasha la kiwanda halikuwahi kuwa na herufi nzima za kutosha, kwa hiyo wazee walizijenga: nusu ya herufi hapa, kijiti pembeni yake, imetimia. Kompyuta ilipokuja, Vilasben alijifunza kibonye cha herufi nzima. Sikandarbhai aliendelea kujenga. Kwenye karatasi zilifanana kabisa, hata tajiri hakuweza kuzitofautisha, lakini tumboni mwa mashine vilikuwa vitu viwili mbalimbali, na jedwali letu lilijua kimoja tu. Jignasha akaongeza sharti: ukikuta nusu na kijiti, viunganishe. Visanduku vikajifunga. Vilasben akavaa miwani na kusoma kwa sauti, na tangu neno la pili sauti haikuwa yake tena.

"'Mimi Kashi. Sikandar beta, andika ninavyosema, usinipambe. Mbuzi alikuwa mbuzi. Jina lake Kabri. Sari aliyokula ilikuwa nyekundu, na mama mkwe alinichapa kwa mwiko, na mimi nilicheka huku nachapwa, kwa sababu pindo lilikuwa bado linaning'inia mdomoni mwa mbuzi. Vilas, hivyo ndivyo ilivyokuwa. Yale yako ni mazuri, wape watu wa kadi za harusi.'"

Nilicheka kwa nguvu. Akaninyamazisha kwa kidole, akaendelea.

"'Jana umenisema. Nilikasirika mpaka kona ya muuza gathia. Pale nikasikia harufu nikasahau. Nilipofika nyumbani nikakumbuka, nikala khichdi kwa hasira. Asubuhi nikajiuliza, hivi mtoto amesema uongo? Hakusema uongo. Maisha yangu yote nimebandika dole gumba. Benki dole gumba, rashani dole gumba, siku ya kura dole gumba. Wino wenyewe nimeutumia kuliko karani. Basi nimekuja kwa Sikandar ukiwa Sihor. Nimemwuliza, anasema mashine haitaki mkono mzuri, inataka kidole tu. Kidole ninacho. Usifungue hii mpaka niondoke, maana ukiniona nilivyofanya utaanza kunisahihisha. Sikandar, toka kwenye kiti.'"

Vilasben akashusha ukurasa. Chini ya hapo palikuwa na mistari minne ya ovyo. Ka nyingi zimefuatana, alama zisizoshikamana na kitu, nusu ya pa, vijiti, nafasi tupu, ka tena.

"Hapo jedwali limekwama," Jignasha akasema polepole, akapeleka mkono kwenye kibodi. "Pole, Masi. Lakini habari imekwisha vizuri. Nitaiondoa hii takataka ya chini."

"Usiguse!"

Alipiga kelele mpaka njiwa wa dirishani wakaruka. Akauondoa mkono wa Jignasha, akanyoosha kidole kimoja cha shahada, peke yake, na kukiweka juu ya kibodi. Akakishusha kwenye kibonye kimoja. "Ka iko hapa," akasema. Akakisogeza chini kidogo. "Na pa ni jirani yake wa chini. Ukikosea ka, unaangukia pa." Akakirudisha kwenye ka. "Na ukiweka kidole usijue kukitoa, inaandika ka nane." Akahesabu kwenye skrini kwa midomo. Zilikuwa nane.

Jignasha alielewa kabla yangu. Niliona mkono umemwenda mdomoni. Mimi nilielewa nilipoutazama mstari wa nne, wa mwisho kabisa, ambao nilikuwa nimeupita kwa macho pamoja na ile mitatu. Haukuwa ovyo. Ulikuwa mfupi, herufi mbili na alama zake mbili, kila kitu mahali pake.

Kashi.

Nililia bila haya, hilo naliandika kwa lugha yoyote mtakayo. Jignasha aliinuka akajifanya anafunga dirisha. Aliporudi aliuliza kwa sauti ndogo, "Masi, nikupangie vizuri? Jina libaki peke yake katikati ya ukurasa, herufi kubwa?"

Mwanamke huyu amesahihisha barua zangu, vibao vya maduka, kadi ya msiba wa mume wa dada yake akiwa bado msibani. Aliutazama ule ukurasa toka juu hadi chini.

"Acha kama ulivyo," akasema. "Usirekebishe hata moja."

Akarudisha kidole chake kwenye skrini, mwanzo wa mstari wa kwanza, akaanza kuisoma ile mistari kwa sauti, kosa kwa kosa, bila kuruka. Ka, ka, ka, ka, ka, ka, ka, ka. Pa nusu. Kijiti. Alisoma wa pili, alisoma wa tatu. Kisha akalisoma jina.